Choo Kimoja kwa Kila Kiwanja

Baraka, tarehe 10 Septemba 2023

Kwako mdogo wangu Norbert,

Nakusalimu wewe na Aline wako, na huyo aliye tumboni ambaye bado hatujamjua jina. Sisi huku tunapumua, Mungu asifiwe. Mama ametuma salamu kutoka Kilembwe. Muhogo wake umekubali mwaka huu, ila goti bado linamsumbua na hataki kusikia habari za hospitali. Bertin wangu yuko Lulimba kwenye dhahabu yake. Kila mara anasema atarudi baada ya shimo hili, kisha shimo linazaa shimo lingine. Nabaki hapa na baba yake, Mzee Jacques, vilevile unavyomjua: akitokea njiani anakohoa kwa nguvu ili nipate kujiondoa, nami naacha beseni langu naingia nyuma ya nyumba. Miaka yote hii mimi na baba mkwe wangu hatujatazamana usoni, na tunapendana vizuri sana.

Sasa jambo lenyewe. Usinipigie simu juu yake, maana simu yangu inasikika mpaka kwa jirani, na jirani mwenyewe hana siri.

Watu wa biro yenu ya Plan, ile inayopanga miradi ya mkoa, walikuja kutuuliza shida zetu. Walitukusanya kwenye ukumbi wa parokia, wakasema kila mtu asimame ataje shida ya kwanza, wao wataipeleka mkoani. Benchi la mbele alikaa Mzee Jacques na wazee wenzake, kila mmoja mkwe wa mtu fulani. Wanaume walitaja barabara ya Fizi, daraja, umeme. Jirani yangu Pulchérie alinifinya mpaka nikasimama. Nikaona Mzee anageuza sikio upande wangu. Nikasema, "Hata mi naona barabara," nikakaa. Bamama wote walicheka ndani ya vitenge vyao, kwa sababu walijua kilichonisimamisha. Niliona aibu hata ya mdomo wangu mwenyewe.

Wewe ni damu yangu, nikuandikie wazi. Ni choo. Unaukumbuka ule mradi uliojenga choo kimoja kwa kila kiwanja, cha saruji, mlango wa bati. Ni choo kizuri, sisemi kitu. Lakini unajua kwetu mke wa mtoto haingii pale baba mkwe wake anapoingia kwa haja. Basi mimi namwachia Mzee, Pulchérie anamwachia wa kwake, na sote tunashuka kwenye matete ya ziwa kabla ya kucha. Maji hayohayo ndiyo tunayochota. Mvua zilizopita unajua kolera, kipindupindu hicho, ilibeba nani na nani mtaani kwetu. Kuchimba kingine wenyewe tulijaribu, mchanga wa hapa unabomoka, unataka saruji.

Naomba kiongezwe kimoja tu kwa kila kiwanja. Huku haliwezi kusemwa. Wewe uko kule mambo yanakopangwa, liingize.

Dada yako,
Georgette


Bukavu, tarehe 4 Oktoba 2023

Yaya Georgette, dada yangu mkubwa,

Barua yako imenifikia kwa mkono wa Suzanne uliyemtuma, pamoja na ndakala, dagaa wa ziwa letu. Aline amezimaliza karibu zote na kusema ni mtoto anayezitaka. Tumboni kunacheza, daktari ameridhika. Habari nyingine ya furaha: baba yake Aline amepewa kuongoza tume inayopitisha mipango ya mkoa. Jumapili alikuja kula kwetu tukampongeza. Alikaa kidogo tu akaondoka mbio kama kawaida yake, ni mtu wa shughuli nyingi. Mpe Mzee Jacques heshima zangu zote.

Yaya, nimecheka halafu nimekasirika. Ulisimama, ulikuwa na nafasi mkononi, ukasema barabara! Acha nikueleze kazi yetu inavyokwenda. Lililosemwa mkutanoni linaandikwa, lililoandikwa linapanda Fizi, kutoka Fizi linakuja kwetu Bukavu, na hapa mtu mmoja wa biro analisoma kwa sauti mbele ya tume na kulitetea. Lisilo na msemaji halipo. Wizara haiwezi kuota ndoto za bamama wa Baraka. Tena nimechungulia kwenye mafaili: mtaa wenu umewekwa kati ya mitaa iliyokwisha kuhudumiwa, kila kiwanja na choo chake. Mtu akisoma hivyo anafunga faili na kwenda kwingine. Serikali haijakataa, inafikiri shida imeisha.

Ndiyo maana lazima mlitaje kwa jina lake. Mwende kwa chefu wa mtaa, alipeleke Fizi. Aibu ya nini karne hii? Choo ni choo. Likifika hapa niachie mimi, maana mambo ya upande wa Fizi mimi ndiye ninayeyasoma mbele ya tume.

Mdogo wako,
Norbert


Baraka, tarehe 21 Novemba 2023

Norbert wangu,

Salamu kwa Aline. Mwambie asibebe ndoo. Mama goti limepata nafuu, Bertin ametuma unga na maneno matamu, unga ulikuwa kidogo. Mvua imeanza na ua wetu umekuwa tope tupu.

Tulifuata shauri lako. Baada ya mazoezi ya kwaya bamama tulibaki kanisani, tukajadili nani aende kwa chefu. Ndipo tukagundua kwamba chefu wa mtaa ni mkwe wa nusu ya mtaa! Pulchérie binamu yake ameolewa na mtoto wa chefu. Arlette wa kona naye ni mke wa mtoto mwingine wa chefu. Kila tuliyemtaja alikuwa na sababu, na sababu ni moja. Mwishowe wakamtuma mke wa mchungaji, mgeni kutoka Uvira, ambaye hana ukoo hapa. Chefu alimsikiliza huku ametazama dari, kisha akamwambia, "Mama, hii maneno mi siwezi kupeleka Fizi. Bataniuliza nimeisikia kwa nani." Akamsindikiza mpaka barabarani kwa adabu yote.

Basi njia ya juu imezibwa na wakwe kutoka hapa mpaka Fizi. Imebaki wewe. Bamama wote wa kwaya wamekubali niandike kwa niaba yao: choo cha pili kwa kila kiwanja ambamo mke anaishi na wazazi wa mume. Umesema hakuna aibu karne hii. Nimewasomea maneno hayo, wakapiga vigelegele. Wanakuita msemaji wetu.

Nijibu upesi, watu wameanza kuhara upande wa sokoni.

Georgette


Bukavu, tarehe 6 Februari 2024

Yaya,

Unisamehe ukimya. Uchaguzi ulisimamisha kila kitu, halafu Aline akajifungua. Ni binti, tumemwita Divine, ana paji la uso la Mama. Analia kama mtu aliyedhulumiwa.

Tume imekaa. Jambo lenu limeingia, chini ya kichwa cha usafi wa mazingira. Limepita bila upinzani. Naamini mtaona matunda kabla mvua hazijaisha.

Hapa baridi ni kali kidogo. Mzee Jacques anaendeleaje na kifua chake? Na Bertin atarudi lini? Niambie habari za Mama.

Kazi ni nyingi, naishia hapa.

Norbert


Baraka, tarehe 9 Machi 2024

Norbert,

Divine akue, awe na nguvu. Mama amecheza alipoambiwa juu ya paji la uso, goti na vyote.

Matunda tumeyaona. Lori liliingia jana na muziki. Bamama wa kwaya tuliimba, tulishona hata sare. Kiongozi mmoja akahutubia kwamba serikali imesikia kilio cha mama wa Baraka. Wakafungua turubai. Yalikuwa mafagio, Norbert. Mafagio, toroli, na kibao cha kusimamisha barabarani kilichoandikwa "Tudumishe usafi wa mazingira". Kila kiwanja kilipewa fagio moja. Pulchérie alilipokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akaniletea mimi.

Hawajanitukana. Wangenitukana ningepumua. Wameniuliza tu, "Ule mdogo wako alisema nini kule?" Basi nakuuliza wewe. Ulisema wewe ndiye unayesoma, na kwamba choo ni choo. Kati ya barua yangu na lori, neno lilipotelea wapi?

Ziwa limepanda sana mwaka huu. Matete yetu ya karibu yamefunikwa na maji, tunakwenda mbali zaidi. Kolera imefungua tena hema lake karibu na hospitali. Mzee Jacques kifua ni kizima, anakusalimu.

Georgette


Baraka, tarehe 22 Aprili 2024

Norbert,

Hujajibu. Naandika tena si kwa ajili ya mafagio.

Mzee Jacques amekufa. Kolera.

Asubuhi nilimkuta amelala kwenye njia ya ziwani, nyuma ya jiko, nguo zake zimechafuka. Nilisimama pale kama mti. Mikono yangu ilitaka kwenda na miguu ilikataa. Yeye aliponisikia aligeuza uso kwenye majani, akanyoosha mkono kunizuia. Akasema, "Usikuye, mwana. Niko muchafu. Ita banaume." Ni mara ya kwanza aliniambia neno moja kwa moja. Nikakimbia kuita wanaume, nao walikuwa mwaloni wote wakishusha samaki. Nilikimbia mpaka mwaloni na kurudi, na muda wote huo alikuwa peke yake juu ya tope. Mume wa Pulchérie ndiye aliyembeba kwenye pikipiki mpaka kwenye hema.

Pale mwuguzi aliniuliza, "Ku nyumba yenu choo iko?" Wajomba wa Bertin walikuwa wamesimama karibu. Nikasema, "Iko, ya saruji." Akauliza, "Mzee anaitumikisha?" Nikasema ndiyo. Ningejibu nini tena mbele ya wajomba, mimi nizungumze haja ya baba mkwe wangu? Akaandika ndiyo. Mzee alikufa kesho yake mchana, Bertin akiwa bado barabarani kutoka Lulimba.

Baada ya mazishi mume wa Pulchérie alinivuta pembeni. Alisema Mzee alimwambia kwenye hema kwamba tangu choo kijengwe hajawahi kuingia. "Ile ni ya mwana wangu. Mi naenda upande wa mawe." Sikuamini. Miaka yote sikuwahi hata kutazama upande ule wa kiwanja, nikidhani ni njia yake. Siku ile nilikwenda nikafungua. Mlango ulikuwa mgumu kwa kutu. Saruji ilikuwa nyeupe, alama za mwiko wa fundi bado zinaonekana, na buibui amefuma juu ya shimo. Mimi nilimwachia yeye, yeye aliniachia mimi, na sote wawili tulikwenda ziwani, kila mtu kwa upande wake.

Nimekaa mlangoni pale mpaka wakanitafuta. Najionea aibu ambayo sijui niipeleke wapi. Siwezi kumwambia Bertin.

Niambie neno lilipotelea wapi.

Georgette


Bukavu, tarehe 15 Mei 2024

Yaya wangu,

Pole. Nimeandika neno hilo na ninaliona ni dogo mno. Sikuja msibani, na sababu si barabara.

Neno lilipotelea mdomoni mwangu. Siku ya tume nilisimama na maneno yenu, nimeyaandaa vizuri. Kwenye kiti cha mbele alikaa baba yake Aline. Alinitazama kwa furaha, kama mzazi anayemtazama mtoto akipanda mimbari. Nikafungua kinywa. Yaya, mimi niliyekuandikia kwamba choo ni choo, mimi niliyeuliza aibu ya nini karne hii, sikuweza. Nilisema "usafi wa mazingira". Yeye akaniuliza mnataka nini hasa, nikasema vifaa. Mafagio ni yangu. Hakuna mkubwa aliyewazuia ninyi, hakuna aliyechana karatasi. Ni mimi, na ilichukua muda wa kumeza mate. Halafu nilikuandikia kwamba limepita bila upinzani, na hilo lilikuwa kweli, ndilo linaloniumiza kuliko uongo.

Barua yako ya Mzee Jacques niliisoma kazini. Kikao kilichofuata niliomba nafasi. Baba yake Aline alikuwa palepale, kwenye kiti cha mwenyekiti. Nilitazama dirisha nikasema, "Président, iko jambo moja ya Baraka nilisemaka vibaya. Balitaka choo. Choo ya pili, juu bibi ya mtoto haingie penye mukwe wake anaingia. Na mukwe pia haingie. Iko mzee amekufa juu ya ile."

Wote mezani walijua kwamba ni mkwe wangu. Alifunga kalamu yake taratibu. Mwandishi akauliza kama aandike. Akajibu bila kuniangalia, "Andika vile amesema. Kwa viwanja vyenye wakwe. Batume batu ya kuhakikisha." Kisha akatoka kabla ya kikao kwisha, jambo ambalo hajalifanya tangu apewe kiti.

Jumapili hakuja kula. Hajaja tena mpaka leo. Aline analia na kuniuliza, "Umemfanya baba nini?" nami nashindwa kumweleza, kwa sababu kueleza ni kulirudia. Yaya, nyumba yetu ina choo kimoja, mlango wake unatazamana na sebule. Nimekaa nikakumbuka Jumapili zake zote: haombi maji, anakula kidogo, anaondoka mbio. Nilikuwa najisifu kwa watu kwamba mkwe wangu ni mtu wa shughuli nyingi.

Lingesemwa siku ile ya kwanza ya tume, Mzee angekuwa hai pengine. Sikuombi unisamehe. Waambie bamama wa kwaya ukweli wote, usinifichie aibu yangu.

Norbert


Baraka, tarehe 30 Agosti 2024

Mdogo wangu Norbert,

Divine ameota jino? Mama anauliza kila wiki. Yeye yuko mzima. Bertin alirudi kwa msiba na amebaki, anajaribu uvuvi, bado anatapika mtumbwini.

Bamama niliwaambia. Nilisema ni wewe, na kwa nini. Nilingoja wakulaani. Arlette akasema, "Hata mi singeweza." Usifikiri kwamba umesamehewa, hatukujua tu tukurushie jiwe gani ambalo halitatupata na sisi.

Watu wa kuhakikisha walikuja wiki hii, mwanamume na mwanamke, na mita na vigingi vyao. Walianzia kwetu, kwa kuwa mambo yalianzia kwetu. Majirani walijaa kwenye ua. Mwanamke akaniuliza kwa sauti, "Mama, mu hii parsele, hii kiwanja yenu, munaishi na mukwe?"

"Tulikuwa naye."

"Iko wapi sasa?"

"Alikufa. Mwezi ya nne."

Akasema pole, kwa moyo kabisa. Akatazama karatasi yake, akamtazama mwenzake. "Basi hapa choo moja inatosha."

Nikasema, "Ni kweli. Inatosha."

Wakahamia kwa Pulchérie. Mkwe wake alikuwa amekaa mlangoni akishona wavu. Wakamwuliza Pulchérie swali lilelile, na kama wote wanatumia choo kimoja. Pulchérie akainamisha kichwa. "Iko. Tunatumikisha sisi wote." Mwanamke akaanza kuandika. Norbert, ilikuwa kama namwona tena mwuguzi wa kwenye hema akiandika ndiyo yangu. Nilipita kwenye uzio bila kufikiri, nikasimama mbele ya yule mzee, nikasema kwa sauti ambayo soko lingesikia, "Anadanganya! Anaenda mu matete. Na huyu mzee naye anaenda mu matete. Nyumba mzima inaenda, na choo inabaki na buibui. Andikeni!"

Mzee alijifunika wavu usoni. Pulchérie aliingia ndani akafunga mlango. Watoto walicheka, watu wazima walitazama chini, na mimi nilibaki katikati ya ua wa watu, nimemvua nguo rafiki yangu wa miaka yote mbele ya mkwe wake. Lakini waliandika. Wakapiga vigingi vyao nyuma ya nyumba. Kwa Arlette hawakuhitaji kuuliza, alitoka akawaonyesha mwenyewe kwa kidole, bila kufungua mdomo. Jioni yake mafundi walishusha saruji.

Pulchérie hanisalimii tena. Akipita anatazama upande wa ziwa. Sitamdai salamu. Mkwe wake yuko hai.

Dada yako,
Georgette